Zilipendwa Hazitazamwi na Mtu Mmoja



Mmezoea kusikia mihadhara ya muziki hapa Unguja ikianza na taarab. Mimi leo nitawachukua mbali kidogo, hadi Uingereza nilikoishi na kufanya kazi kwa muda mrefu, nizungumze juu ya vipindi vya zamani vya muziki wa pop na roki vya televisheni ya huko, na juu ya watu wachache tunaokutana Ijumaa jioni kuvitazama. Wengine mtajiuliza jambo hili lina uzito gani hata lipewe mhadhara. Dai langu ni kwamba kipindi cha zamani cha muziki kikitazamwa na mtu mmoja kinampa burudani, lakini kikitazamwa na watu waliokaa pamoja, wa rika mbalimbali na waliotoka pande mbalimbali, kinakuwa ushahidi. Ushahidi huo huweza kuhojiwa, kusahihishwa na kuongezewa. Naamini sana katika jambo hili, na kabla sijamaliza nitawaambia linatuhusu vipi sisi tulioko hapa.

Kipindi ninachokitolea mfano ni Top of the Pops cha BBC. Kilirushwa kwa mara ya kwanza siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1964, kutoka jengo lililokuwa kanisa katika barabara ya Dickenson, mtaa wa Rusholme, jijini Manchester. Rolling Stones walikuwapo jioni hiyo, na Dusty Springfield pia, na wimbo uliokuwa kileleni mwa chati ulikuwa wa Beatles. Kilikusudiwa kidumu wiki chache tu. Kikadumu miaka 42, hadi tarehe 30 Julai 2006.

Kanuni zake zilikuwa nyepesi. Wimbo unaopanda chati ndio unaopewa nafasi, na unaoshuka hauna haki. Hakuna wimbo wa kurudiwa wiki mbili mfululizo isipokuwa ulio namba moja, na huo ndio unaofunga kipindi. Kwa hiyo mtazamaji hakuchaguliwa nyimbo na mtu mwenye ladha yake. Alipewa kile ambacho wananchi walikuwa wamekinunua madukani wiki ile. Roki ya kelele ikafuatwa na babu anayeimba juu ya wajukuu, kisha soul ya Detroit, kisha wimbo wa vichekesho. Wazazi waliokuja kwa ajili ya kimoja walilazimika kukaa na kingine, na katika miaka ya 1970 nyumba nzima ilikaa: watazamaji wapatao milioni 15 kwa wiki. Mwaka 1979, wafanyakazi wa ITV walipogoma na skrini ya mshindani ikawa tupu, idadi ilipita milioni 19.

Mwezi Aprili 2011, BBC Four walianza kurudia matoleo hayo wiki kwa wiki, wakianzia yale ya mwaka 1976. Hapo ndipo kundi letu lilipozaliwa. Hatukupanga. Mtu mmoja alimwalika mwenzake, mwenzake akaja na mwingine, na baada ya muda tukawa tunajua nani analeta sambusa na nani hataki kukaa karibu na mlango. Tumepita pamoja enzi ya suruali pana, tukapita punki, tukapita sinthesaiza na nywele zilizopuliziwa dawa zikasimama. Na kila Ijumaa nimejifunza jambo ambalo picha peke yake isingeniambia.

Nianze na waya.

Dada mmoja wa kundi letu alikulia Lubumbashi enzi za Zaire, wakati televisheni ya taifa ikionyesha bendi za Kinshasa. Huyu hatazami sura ya mwimbaji kwanza. Anatazama vyombo. Siku aliyokuja mara ya kwanza, bendi fulani ya mwaka 1977 ilikuwa ikirukaruka jukwaani, mpiga gitaa amefumba macho kwa hisia, na dada huyu akauliza kwa Kiswahili chake cha Katanga, "Waya ya gitare iko wapi?" Tukasogea karibu na skrini. Gitaa halikuwa limechomekwa popote. Hapakuwa na waya wala kipaza sauti cha gitaa nyuma yake, na matoazi ya dramu yalikuwa yakipigwa bila kutikisika sawasawa. Ilikuwa pleibeki tupu. Akatuambia kwao pia aliyaona hayo, na kwamba watoto wa mtaa wao walikuwa wakishindana nani ataigundua mapema.

Swali lake lilitufanya tuitafute historia yenyewe, na ni historia tamu. Mwaka 1964 pleibeki haikufichwa hata kidogo: msichana aliketi kando ya mashine ya santuri, akaweka sahani mbele ya kamera, na wasanii wakaigiza kuimba. Samantha Juste ndiye anayekumbukwa zaidi kwa kazi hiyo. Chama cha wanamuziki kikapinga. Hoja yao ilikuwa ya tumbo: kama santuri inatosha, wapigaji waliosomea kazi hii watakula nini? Kuanzia 1966 ikabidi waimbaji waimbe kweli wakisindikizwa na okestra ya kipindi, iliyokuja kuongozwa na Johnny Pearson, ama bendi iingie studio na kurekodi wimbo wake upya kwa ajili ya matangazo, ikisimamiwa na mwakilishi wa chama. Wanamuziki wengi wamesimulia baadaye jinsi mwakilishi alivyochukuliwa kwenda kunywa kidogo, na huku nyuma mkanda wa santuri ya asili ukarudishwa mahali pa ule mpya.

Wengine walikataa kujifanya. Mwaka 1971 Rod Stewart na Faces walipopiga "Maggie May", mtangazaji wa redio John Peel aliketi jukwaani na mandolini mikononi, naye hakuwa mpigaji wa mandolini. Wenzake wakapiga mpira wa miguu katikati ya wimbo. Na mara nyingine mkanda wenyewe uliwaumbua: mwaka 1967 Jimi Hendrix alisimama tayari kuimba wimbo wake, fundi akawasha kwa makosa muziki wa wimbo wa Alan Price.

Mimi siioni pleibeki kuwa ulaghai wa kuaibisha. Nikilitazama gitaa lisilo na waya naona mgogoro wa kazi: nani analipwa, kwa jasho gani, na mashine imemnyang'anya nani riziki. Hilo ndilo alilolifungua dada wa Lubumbashi kwa swali la maneno matano. Mtafiti anaweza kukaa mwezi mzima katika maktaba asilione, kwa sababu macho yake yanafuata mwimbaji, na kamera ilipangwa hivyo.

Rafiki yetu mwingine ni Mwingereza, mwalimu mstaafu. Julai 1972 alikuwa kijana wa darasa la chini la sekondari. Usiku wa tarehe 6 mwezi huo David Bowie aliimba "Starman" katika Top of the Pops, na mkanda wake, kwa bahati njema, umebaki. Bowie ana nywele nyekundu zilizochongoka, amevaa suti ya mabaka ya rangi nyingi inayobana mwili, gitaa lake ni la buluu. Pembeni yake Mick Ronson amevaa dhahabu. Wanapofika kwenye kiitikio Bowie anauweka mkono wake begani kwa Ronson, anamvuta, na wote wawili wanaimba kwenye maikrofoni moja. Na mahali pengine katika wimbo huo anainua kidole na kukielekeza kwenye kamera, yaani kwa yule aliyeketi nyumbani.

Mwalimu wetu alikuwa mmoja wa walioketi nyumbani. Tulipoitazama pamoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba maisha yake yote amebishana na kaka yake juu ya gitaa lile. Yeye alisema jeusi, kaka yake alisema jeupe. Televisheni yao haikuwa ya rangi. BBC1 ilianza kurusha rangi Novemba 1969, lakini seti za rangi zilikuwa ghali na leseni yake ilikuwa na bei ya juu, na hadi katikati ya miaka ya 1970 nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa bado zinatazama nyeusi na nyeupe. Bowie waliyemwona mamilioni usiku ule alikuwa wa kijivu. Huyu wa rangi tunayemsifu leo, na tunayemwona kwenye kila filamu ya historia ya muziki, ni Bowie ambaye wengi wa watazamaji wake wa kwanza hawakumwona.

Akaendelea. Mkono ulipotua begani kwa Ronson, baba yake alilikunja gazeti, akaondoka chumbani bila neno. Sheria ya England na Wales iliyowafunga wanaume kwa uhusiano wao wa siri ilikuwa imelegezwa mwaka 1967 tu, na mbele ya familia hiyo, kabla ya wakati wa kulala, walikuwapo wanaume wawili waliokumbatiana wakiimba kwa furaha. Boy George na Gary Kemp wa Spandau Ballet ni miongoni mwa wanamuziki waliosema baadaye kwamba dakika zile ziliwabadilishia maisha. Hao ni watu mashuhuri, na maneno yao yameandikwa. Lakini gazeti lililokunjwa na baba halijaandikwa popote. BBC wanayo rangi ambayo kijana yule hakuiona. Kijana yule anacho chumba ambacho BBC hawana. Ukivikutanisha viwili hivyo ndipo unapoupata usiku wa tarehe 6 Julai 1972.

Wa tatu ni muuguzi mstaafu, wazazi wake walitoka Jamaika. Tulipofika kwenye matoleo ya Juni 1976 wakatokea The Real Thing, vijana weusi wa Liverpool, na "You to Me Are Everything" iliyokaa namba moja wiki tatu. Dada huyu alisimama. Alitueleza kwamba siku zile, mtu mweusi akitokea kwenye televisheni, simu zililia kutoka nyumba hadi nyumba: washeni, washeni haraka, kuna mwenzetu. Wasiokuwa na simu walitumiwa watoto wakimbie. Tangu siku ile ana tabia moja ambayo sasa ni yetu sote. Kamera ikipita juu ya vijana wanaocheza studioni, anahesabu sura nyeusi. Mara nyingi anamaliza kuhesabu kabla kamera haijarudi kwa mwimbaji.

Ni yeye pia aliyetufanya tulitazame kwa makini kundi la wachezaji lililoitwa Ruby Flipper. Kwa miaka mingi, msanii asipoweza kufika studioni, wimbo wake ulichezewa na Pan's People, kundi la wasichana lililoongozwa na Mmarekani Flick Colby. Chati ilitoka Jumanne, kipindi kilirekodiwa Jumatano, kikarushwa Alhamisi. Hesabu mwenyewe muda waliokuwa nao wa kujifunza hatua na kushonewa nguo. Mwaka 1976 Pan's People waliondoka, wakaingia Ruby Flipper, wanaume na wanawake, weusi na weupe pamoja. Hawakumaliza mwaka. Nafasi yao ikachukuliwa na Legs & Co, wanawake peke yao. Ukitazama peke yako utasema tu kwamba wachezaji wamebadilishwa. Ukiwa na muuguzi wetu utatulia na kuuliza nani aliamua, na kwa nini.

Sasa nije kwa mtoto wa hapa.

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake alikuwa karani wa fedha katika mahakama. Mtoto alipelekwa kusoma Panchgani, India, akarudi Unguja akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, nje kidogo ya London. Ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury. Tarehe 21 Februari 1974 bendi yake, Queen, ilitokea kwa mara ya kwanza katika Top of the Pops, na ilipata nafasi hiyo kwa sababu filamu ya wimbo mpya wa Bowie haikupatikana kwa wakati. Wakaitwa haraka, wakaimba "Seven Seas of Rhye", wimbo ambao santuri yake ilikuwa haijafika hata madukani. Inasimuliwa kwamba Freddie hakuwa na televisheni, akaenda kujitazama kupitia dirisha la duka la vyombo vya umeme. Wangapi kati yenu, wazee wangu, mlitazama televisheni yenu ya kwanza mkiwa mmesimama nje ya kioo cha mtu?

Mwaka uliofuata ikaja "Bohemian Rhapsody". Wimbo ule haukuwa wa kuigizwa studioni kwa urahisi, sauti zilizopandishwa juu ya sauti mara nyingi, na bendi ilikuwa inakwenda ziarani. Basi Novemba 1975 wakaingia Elstree na mwongozaji Bruce Gowers, wakapiga picha kwa saa chache tu, na filamu hiyo ikapelekwa kwa Top of the Pops. Wimbo ukakaa namba moja wiki tisa, na kanuni ilisema namba moja ndiyo hufunga kipindi, kwa hiyo zile sura nne zinazotoka gizani zilirudi tena na tena katika nyumba za Waingereza. Baada ya hapo kampuni za muziki zilielewa kwamba msanii anaweza kuwa mahali pote bila kufika popote.

Kila Freddie anapotokea, marafiki zangu hunigeukia. Walilijua jina la Zanzibar kutoka mstari wa kwanza wa wasifu wake, basi. Nami huwaeleza: Shangani iko wapi na Forodhani iko wapi, jamii yake, Waparsi wa Unguja, walikuwa watu gani, maduka yao na kazi zao, adhana na kengele na redio ya jirani zikisikika katika kichochoro kimoja. Freddie mwenyewe hakuizungumzia sana Zanzibar hadharani, na sitamsemea. Ninachoweza ni kuwapa wenzangu mji aliouona akiwa mtoto, ambao kamera ya London haikuuona. Ni wajibu ninaoufurahia.

Nimesema mkanda wa "Starman" umebaki kwa bahati njema, na neno hilo sikulitumia bure. Kati ya matoleo yapatayo 500 ya kwanza ya Top of the Pops, yaliyobaki kamili ni kama 20 tu. Mengine yalifutwa, na waliofuta ni wenye mali wenyewe. Mikanda mikubwa ya video ya siku zile ilikuwa ghali na iliweza kurekodiwa upya. Mikataba na vyama vya wasanii ilizuia marudio ya mara kwa mara. Hapakuwa na deki majumbani wala soko la kuuza kipindi cha jana. Na rangi zilipoingia, picha nyeusi na nyeupe zikaonekana takataka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alikuwa na sababu ya ofisi. Hivyo ndivyo tarehe 16 Juni 1966 ilivyopotea, siku pekee Beatles waliyotokea wenyewe studioni katika kipindi hicho. Yaliyopatikana, mwaka 2019, ni vipande vya sekunde chache, bila sauti, vilivyopigwa nyumbani na mtazamaji aliyeielekeza kamera yake ndogo ya filamu kwenye skrini.

Na kuna John Henshall. Huyu alikuwa mpiga picha wa BBC. Januari 1973 Bowie na bendi yake walipiga "The Jean Genie" studioni, walipiga kweli, bila pleibeki, na Henshall akaichukua sehemu yake kwa lenzi ya duara aliyoitengeneza mwenyewe. Aliipenda kazi yake, akaomba nakala ya mkanda aweke kama kielelezo. Mkanda wa BBC ukafutwa. Wake ukakaa nyumbani kwa karibu miaka 40, naye akidhani wenyewe wanao. Desemba 2011 taifa likautazama tena. Sisi tuliutazama pamoja jioni ile, na ninawaambia kweli, machozi yalinitoka. Na kilichonitoa machozi kilikuwa ule ukawaida wake: mfanyakazi aliyeipenda kazi yake, sanduku moja la mkanda, rafu moja nyumbani.

Lipo jambo chungu ambalo siwezi kulipita. Aliyekitangaza kipindi cha kwanza, mwaka 1964, na vingine vingi baada yake, ni Jimmy Savile. Alikufa Oktoba 2011 akiwa amesifiwa. Mwaka mmoja baadaye ikafichuka kwamba kwa miongo kadhaa alikuwa akiwanyanyasa watoto na wanawake kingono, na uchunguzi wa Dame Janet Smith uliotolewa Februari 2016 ulitaja waathirika 72 kuhusiana na kazi yake ndani ya BBC, baadhi yao wakiwa wameguswa katika mazingira ya Top of the Pops yenyewe. Tangu 2012 matoleo aliyoyatangaza hayarudiwi. Ijumaa inayofuata unaona tarehe imerukwa, na wote sebuleni mnajua kwa nini.

Tulibishana juu ya hilo kwa muda mrefu. Mwalimu alisema kuyaruka ni kuifuta historia. Muuguzi, aliyewahi kuwahudumia wanawake walioumizwa wakiwa wadogo, alisema mwanamke wa leo hapaswi kuwasha televisheni jioni akakutana na uso huo. Mimi niko upande wa muuguzi. Lakini nasema vilevile mikanda hiyo isiharibiwe. Ikae ghalani, ifunguliwe kwa watafiti na kwa waathirika wanaotaka kuonyesha walisimama wapi. Tangu mabishano yale siwezi tena kuwatazama wale wasichana wa umri wa shule waliozunguka jukwaa kama pambo. Natazama nyuso zao moja moja. Kamera ilizipita haraka mno.

Sikutaka mdhani kwamba Top of the Pops ndiyo televisheni yote ya muziki. Tangu Septemba 1971 BBC2 walikuwa na The Old Grey Whistle Test, studio ndogo, ukuta mtupu, hakuna maputo wala wachezaji. Huko ndiko Mei 1973 Bob Marley na Wailers walikofika kabla Uingereza haijawajua vizuri, Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer wakiwa bado pamoja. Muuguzi wetu anasema wazazi wake hawakuwatazama, kwa sababu kipindi kilirushwa usiku mno na asubuhi walikuwa na zamu. Nalitia hilo katika historia ya rege.

Sasa turudi nyumbani, maana huko ndiko nilikokuwa nikielekea. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza kusini mwa Sahara. Tanganyika ya zamani, upande wa pili wa maji, ilisubiri hadi miaka ya 1990 na ikaishi kwa redio, ndiyo maana hazina kubwa ya dansi na ngoma za Bara ni kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumba nyingi za Unguja, Pemba, Mombasa na Dar zilipata deki katika miaka ya 1980 na 1990, na watu wakarekodi: taarab iliyorushwa, harusi ambayo kikundi kizima kilipiga hadi alfajiri, bendi iliyopita mjini usiku mmoja ikaenda zake. Mkanda wa sumaku haupendi joto wala unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Mashine za kuichezea zinakufa. Mafundi wake wanazeeka.

Na watu waliokuwapo wanazeeka haraka kuliko mikanda. Ni nani atakayetuambia yule mpiga fidla wa pili kutoka kushoto ni mtoto wa nani? Nani atakayejua kwamba bibi aliyekwenda kumtunza mwimbaji katikati ya wimbo alikuwa akimjibu bibi mwingine aliyeketi upande wa pili wa ukumbi? Kompyuta yoyote inaweza kuisafisha picha. Haiwezi kujua hilo.

Kwa hiyo naomba. Aliye na mikanda ya zamani nyumbani asiitupe, asirekodi juu yake, na asiiache chini ya paa la bati. Iandikeni leo kwa kalamu juu ya sanduku: mwaka, mahali, kikundi, nani alirekodi. Tafuteni fundi mwenye deki nzima, muihamishe, na nakala moja mpeleke kwenye hifadhi ya nyaraka au kituo cha utangazaji, nyingine ibaki kwenu. Kisha mwiteni shangazi, mjomba, jirani aliyewahi kupiga nai, na kijana mmoja asiyejua chochote ili aulize maswali. Mtazame pamoja. Simamisheni picha mzee anapotaka kusema, msimharakishe, na wakati anazungumza washeni kinasa sauti cha simu zenu.